Mbona Chatu Wangu Hataki Kula?

Kikundi cha ngoma ya nyoka kikimaliza kucheza, watazamaji wa Bariadi, mji wa Usukumani mkoani Simiyu, huwa na swali lao kabla hata vumbi halijatulia: huyu joka anakula nini? Jibu lake ni jepesi. Anakula panya, kuku, sungura, na akishakuwa mkubwa sawasawa, mbuzi. Mwenye nyoka naye ana swali lake, ila halisemi hadharani, maana mcheza nyoka anayelalamika kwamba nyoka wake amemshinda hawezi kuheshimika. Swali lenyewe ni hili: mbona hataki kula? Amemwekea panya mnono, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Panya anapanda mgongo wa chatu, anashukia upande wa pili, anajisafisha masharubu. Chatu kimya.

Swali hilohilo huulizwa na Mtanzania aliyehamia Ujerumani au Marekani akanunua chatu mdogo dukani, na hata walezi wa nyoka katika bustani za wanyama hukutana nalo. Sura hii ni ya wote hao. Tutaanzia Usukumani kwa sababu huko watu na chatu wamezoeana kwa vizazi, na kwa sababu msimu wa ngoma wa huko unakusanya mahali pamoja karibu kila kitu kinachomfanya chatu agome.

Niseme mapema ninachokiamini. Chatu anayekataa chakula mara nyingi si mgonjwa wala mkaidi. Anasikia baridi, au hana pa kujificha, au ameshikwashikwa mno. Anayetaka ale ashughulikie nyumba yake kwanza, mdomo baadaye.

## Chatu gani tunamzungumzia?

Wapo wawili, na tusiwachanganye.

Wa kwanza ni chatu mkubwa wa Afrika, yule anayeonekana mbugani Serengeti, kwenye mawe ya Usukumani wanakoishi pimbi, na kando ya mito kama Simiyu wenyewe. Mita tatu au nne kwake ni jambo la kawaida, na wengine huzidi hapo. Huyu ndiye anayechezwa ngomani. Wasukuma wana vyama vya ngoma vya zamani. Vinavyosikika zaidi ni Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ushindani wao haujafa hadi leo. Pembeni yao wapo Bayeye, waliojulikana kwa kukamata nyoka na kwa dawa za kuumwa na nyoka, na ngoma ya nyoka wanayoiita bugoyangi. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, mahali palipoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, utaikuta historia hiyo imehifadhiwa. Sherehe ya Bulabo hufanyika hapohapo kila mwaka kuelekea Juni, ikifungamana na sikukuu ya Ekaristi.

Wa pili ni chatu-mpira, mdogo wa umbo, mpole, anayejikunja mviringo na kuficha kichwa katikati akiogopa. Kisayansi huitwa Python regius. Porini anapatikana kuanzia Senegali hadi Sudan Kusini na Uganda, na Tanzania hayupo. Aliyekomaa hufikia kati ya sentimita 90 na 150. Ghana, Togo na Benin zimeuza nje chatu hawa kwa wingi mno kwa miaka mingi, na leo Ulaya na Marekani huzalishwa na kufugwa majumbani. Ndiye aliyejipatia sifa mbaya kuliko wote kwa kugoma kula.

Hapa kuna jambo la sheria ambalo halikwepeki. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusu mtu kumkamata wala kummiliki mnyamapori bila kibali. Chatu uliyemkuta shambani Itilima si wako kwa kuwa shamba ni lako. Anayetaka kumfuga kwa ngoma, maonyesho au bustani aanzie ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, na apate karatasi zake. Aidha, chatu wa aina zote wamo kwenye mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila vibali ni kesi mbili kwa mpigo.

## Tumbo linalofungwa

Mbwa akikosa chakula siku mbili, mwenye mbwa anahangaika, na ana haki. Chatu hayuko hivyo, na sababu iko tumboni.

Mtu wa Simiyu atalielewa hili haraka, kwa sababu ameona kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mashine zinanguruma usiku na mchana, vibarua wanajaa, malori yamepanga foleni. Pamba ikiisha, kiwanda kinafungwa. Hakuna tajiri anayewasha mitambo miezi sita iwe inazunguka bure.

Chatu anaishi hivyo. Ni mvizia, si mkimbiaji. Hulala mahali pamoja akingoja, na mlo unaweza kuja leo au baada ya miezi miwili. Kati ya mlo na mlo utumbo wake husinyaa, na mwili hutumia nishati kidogo sana. Akimeza, kila kitu huamka. Kwa chatu wa Burma, ambaye amechunguzwa sana, moyo wenyewe huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa, utumbo hunenepa, ini nalo hukua. Kazi ikiisha, vyote hurudi vilivyokuwa.

Kuuanzisha mtambo wa namna hiyo ni gharama, na chatu hauanzishi mpaka awe na uhakika kwamba ataumaliza mlo salama. Nyama ikikaa katika tumbo lenye baridi haisagiki. Inaoza humohumo, na asipoitapika inaweza kumuua. Kwa hiyo chatu anayesikia baridi akikataa panya, amefanya uamuzi wa busara kuliko wako uliyemletea panya huyo.

Kuna na mgomo wa uzazi. Mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia chatu wakubwa porini, Afrika Kusini, kwa miaka kadhaa. Jike hulitumia shimo lililochimbwa na muhanga, hujizungusha kwenye mayai yake, hutoka kuota jua hadi mwili uwe wa moto sana, kisha hurudi kuyapasha. Vifaranga wakianguliwa hukaa nao tena kama wiki mbili. Muda huo wote, zaidi ya miezi sita ukijumlisha na kupandana, hali kitu. Chatu-mpira dume naye akiingia majira ya kutafuta jike anaweza kukaa miezi bila kula na asipoteze uzito wa kutisha.

Kwa ufupi: mzima aliyenenepa vizuri anaweza kukaa wiki nyingi bila chakula pasipo madhara. Mtoto wa miezi michache hana akiba hiyo, na huyo ndiye wa kuangaliwa kwa karibu.

## Joto, halafu joto tena

Ukiniuliza nianze kukagua wapi, sitamgusa chatu. Nitaomba kipimajoto.

Chatu hawezi kujitengenezea joto. Anahitaji sanduku lenye pande mbili, moja la moto na jingine la ubaridi kiasi, achague mwenyewe. Kwa chatu-mpira, upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 26 hadi 27, na usiku kusishuke chini ya 24. Kipimo kisomwe pale anapolala, sakafuni, si ukutani juu ya mlango wa chumba.

Watu husema, lakini Bariadi ni joto! Mchana, ndiyo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 20. Halafu kuna bati. Chumba cha bati kisicho na dari saa nane mchana ni tanuri, na saa kumi alfajiri kila mtu amejifunika gubigubi. Chatu aliye kwenye sanduku la mbao ndani ya chumba hicho anapikwa mchana na kugandishwa usiku, na hana shimo la kuingia ndani ya ardhi ambako hali ya hewa haibadiliki kwa kasi. Porini angeingia kwenye kichuguu.

Mwenye umeme anaweza kuweka mkeka wa joto chini ya sanduku, upande mmoja tu, na auunganishe na kidhibiti joto, kile kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichokipanga. Bila kidhibiti, mkeka utamuunguza tumbo. Chatu hulala juu ya kitu cha moto bila kujua kwamba anaungua mpaka ngozi iharibike. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa pembeni ya sanduku itavusha saa chache. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Hewa yake inaua nyoka na inaua watu.

Unyevu nao una neno lake. Kiangazi cha Simiyu hukausha kila kitu, na chatu aliye kwenye hewa kavu hujivua gamba vipandevipande. Macho yakianza kuwa na ukungu wa bluu ujue anajiandaa kujivua. Siku hizo haoni vizuri, ana wasiwasi, na wengi hukataa chakula. Mwekee kibweta chenye kitambaa kibichi ndani na bakuli la maji safi, kisha umwache hadi gamba litoke.

## Maficho, na habari ya ngoma

Chatu-mpira porini hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, mwili wake umegusana na kuta pande zote. Ukimweka kwenye kioo kikubwa kinachong'aa ili wageni wamwone, umemweka uwanjani. Hatakula uwanjani. Mpe maficho mawili, moja upande wa moto na jingine upande wa baridi, yawe madogo kiasi kwamba akijikunja anajaa humo. Mtungi uliovunjika ukalazwa kifudifudi unatosha kabisa, mradi kingo zimesuguliwa zisimkate. Wafugaji wanaoanza huogopa kwamba sanduku dogo ni uonevu. Kwa mtoto wa chatu, sanduku kubwa tupu ndilo linalomnyima raha na hamu ya kula.

Sasa turudi ngomani. Msimu wa ngoma Usukumani huja baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, watu wakiwa na pesa ya pamba na nafasi. Ni miezi ya usiku wa baridi, na huko Afrika Kusini ndiyo miezi ambayo chatu wakubwa hupandana na kuacha kula. Juu ya hayo nyoka hutolewa sandukuni, hupandishwa gari, hufikishwa uwanjani, hushikwa na mikono mingi, huvishwa shingoni. Halafu kuna zile ngoma zenyewe. Nyoka hana sikio la nje, ila mtikisiko wa ardhi na sauti nzito anazipata vizuri kupitia taya na mwili, na mlio mzito wa ngoma kubwa umo ndani ya kiwango anachokipokea vizuri zaidi. Manju, kiongozi wa ngoma, anaposhangiliwa na umati, chatu yuko ndani ya tetemeko.

Jioni mwenye nyoka anamrudisha sandukuni na kumwekea kuku kama shukrani. Kuku analala salama usiku kucha.

Sisemi ngoma iachwe. Hiyo ni kazi ya watu na urithi wao, na wazee waliolea nyoka miaka mingi wanajua mengi kuliko yaliyomo humu. Ninachosema ni kwamba kalenda ya kulisha ifuate kalenda ya ngoma. Chatu alishwe vizuri Machi na Aprili, kabla ya msimu. Msimu ukianza, aliyecheza Jumamosi apewe siku kadhaa za giza na utulivu kabla ya kuonyeshwa chakula, na aliyekula asitolewe kwenda kuchezwa mpaka uvimbe wa mlo uishe. Chatu anayezungushwa shingoni na panya tumboni atautapika mlo wote mbele ya mgeni rasmi. Kikundi chenye chatu wawili au watatu wa kupokezana kitapata shida kidogo kuliko chenye mmoja anayebeba msimu mzima.

Na kwa anayefuga nyumbani bila ngoma, kanuni ni hiyohiyo kwa kiwango chake. Chatu mgeni aachwe kama wiki nzima bila kushikwa, ndipo umpe chakula kwa mara ya kwanza. Marafiki watasubiri.

## Panya gani, mkubwa kiasi gani?

Unene wa panya ulingane na sehemu nene ya mwili wa chatu, au uzidi kidogo tu. Kwa mizani, mtoto wa chatu hupewa mlo wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kila siku 5 hadi 7. Mwenye gramu 200 basi anatosheka na panya wa gramu 20 hadi 30, yaani panya mweupe mdogo aliyekomaa. Chatu mzima wa kilo moja na nusu anatosheka na panya wa gramu 75 hadi 100 kila wiki mbili au tatu. Wengi wa "wagomaji" ninaosikia habari zao ni wazima waliolishwa kila wiki kama watoto. Wameshiba.

Mtego wa panya wa nyumbani unashawishi, maana Bariadi panya hawanunuliwi. Usiutumie. Panya wa ghalani anaweza kuwa amekula sumu ya panya saa chache kabla hujamnasa, au nafaka iliyochanganywa na dawa ya wadudu, au ametoka kwenye pamba iliyopuliziwa juzi. Sumu ile itaingia kwa chatu pia. Panya wa porini ana minyoo na viroboto wake vilevile. Njia ya uhakika ni kuzalisha mwenyewe panya weupe, jozi chache katika ndoo zenye pumba za mbao, wakila mahindi na mabaki ya mboga. Wanazaana haraka kuliko utakavyoweza kuwatumia, na ziada inaingia kwenye friza.

Chatu akizoea panya aliyekwisha kufa, hilo ni bora kuliko panya hai. Watu hupenda kuona anavyokamata, nalielewa hilo. Lakini panya hai aliyeachwa usiku na chatu asiye na njaa huanza kumtafuna chatu. Hutafuna mgongoni, kwenye mkia, wakati mwingine hadi mfupa uonekane, na chatu hajitetei kwa kuwa hayuko katika hali ya kuwinda. Kama ni lazima apewe aliye hai, simama hapo uangalie, na baada ya dakika 15 umtoe.

## Usiku wa kumlisha

Chatu huwinda gizani. Kwenye midomo yake kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto, na ulimi hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Kwake panya ni joto na harufu kabla hajawa umbo. Panya aliyetoka friza akawekwa mbele yake akiwa wa baridi ni jiwe tu. Kwa hiyo:

- Yeyusha panya kwa maji baridi au kwenye jokofu tangu asubuhi, ndani ya mfuko ili asilowe.
- Jua likizama, mtumbukize na mfuko wake kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, mpaka ngozi ifikie nyuzi 38 hivi. Usimchemshe, atapasuka.
- Kichwa cha panya kiwe na joto kuliko mwili. Kirudishe majini sekunde chache za mwisho.
- Mshike panya kwa koleo refu, si kwa vidole. Chatu akikosea shabaha, mkono wako nao una joto.
- Mpitishe taratibu mbele ya maficho, nusu mita hivi. Asogee, asimame, asogee. Usimgongegonge usoni.
- Akikataa, muache panya mlangoni pa maficho, zima taa, funga chumba, nenda kalale.

Asubuhi, panya ambaye hajaliwa hutupwa. Harudishwi friza. Kisha unakaa siku saba bila kujaribu tena, na hapa ndipo wengi huharibu. Kumletea panya kila jioni, na kufungua sanduku kila saa kuona kama amekula, ni kumsumbua mnyama ambaye shida yake tangu mwanzo ni kusumbuliwa.

Akimeza, asishikwe kwa saa 48 kwa uchache. Akitapika, mpumzishe kwa siku 10 hadi 14, kagua joto upya, kisha anza na mlo mdogo kuliko uliopita.

## Bado hataki

Joto liko sawa, maficho yapo, wiki tatu hajaguswa, na bado. Sasa unaweza kutumia ujanja.

Ujanja wa kwanza ni harufu. Chatu hukariri mlo aliolelewa nao. Aliyekua kwa vifaranga anaweza asimtambue panya kuwa ni chakula, na aliyezoea panya mdogo mweupe akamdharau panya mkubwa. Chukua matandiko ya ule mlo anaoujua, au manyoya ya kifaranga, msugue nayo panya mpya kisha umpashe. Porini nako chatu-mpira wadogo, hasa madume, hula ndege kwa wingi, kwa hiyo kifaranga cha siku moja si dhambi wakati wa kumrudisha kwenye kula. Tatizo ni kwamba akinogewa, kumrudisha kwenye panya ni kazi mpya.

Ujanja wa pili ni kumbadilishia ukubwa. Panya mdogo kuliko kawaida humtia moyo chatu mwoga. Wa tatu ni mfuko au sanduku dogo jeusi, chatu na panya aliyekufa humo ndani usiku mzima, na matundu ya hewa. Mara nyingi huu hufanya kazi pale ambapo vyote vimeshindikana, kwa sababu ile ya mwili kugusa kuta.

Kumfungua mdomo kwa nguvu na kumsukumia nyama, usifanye. Koo la chatu lina mlango wa pumzi uliofunguka chini ya kinywa, ni rahisi kuuziba, na hata ukifaulu mara moja, umemfundisha kwamba chakula ni mateso. Kazi hiyo ni ya daktari wa wanyama, kwa mtoto wa chatu anayekaribia kufa, basi.

## Lini uanze kuogopa

Nunua mizani ya jikoni na daftari. Mpime kila baada ya wiki mbili, andika tarehe, uzito, alichokula au kukataa, na siku aliyojivua gamba. Baada ya miezi minne daftari litakuonyesha mambo ambayo macho hayaoni. Mzima aliyekataa kula miezi miwili na kupoteza gramu 30 katika kilo moja na nusu yuko likizo. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ana tatizo.

Usisubiri mizani ukiona kamasi mdomoni, sauti ya kukoroma anapopumua, kichwa anachokiinua juu ili apate hewa, utando wa njano kwenye ufizi, au vijidudu vyeusi vinavyotembea pembeni ya macho na ndani ya bakuli la maji. Daktari wa mifugo wa wilaya huenda amezoea ng'ombe na mbuzi, lakini mapafu ni mapafu, na anaweza kushauriana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Mpelekee na daftari. Litamsaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Na ujue umejiingiza katika jambo la muda gani. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilimpokea chatu-mpira jike mwaka 1961. Mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, alitaga mayai.

## Akiwa mkubwa

Yote yaliyosemwa juu ya joto, maficho na utulivu yanamhusu chatu mkubwa wa Afrika pia, ila mizani ya hatari si ileile. Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa aina hii alitoroka kwenye chumba alichofungiwa juu ya duka la wanyama na kuwaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Alikuwa nyoka wa kufugwa.

Kwa hiyo kwa chatu aliyezidi mita mbili na nusu, mlishaji asiwe peke yake; awepo mtu mzima wa pili aliye tayari kumkunjua kuanzia mkiani. Anayelisha asiwe ametoka kuchinja kuku au kushika sungura, kwa kuwa harufu ya mlo mikononi ni mwaliko. Ukifungua sanduku siku isiyo ya chakula, kwanza mguse kichwani kwa kijiti kirefu, kila mara kijiti kilekile, azoee kwamba akiguswa hivyo hakuna mlo unaokuja. Watoto wasiwemo chumbani, na sanduku liwe na kufuli, si kamba. Kuku au sungura anayepewa awe ameshachinjwa na bado ana joto, asukumwe kwa fimbo ndefu, mlango ufungwe, na wote watoke hadi kesho yake.